Kufunga pete kubwa ya molekuli: alkaini, alkeni au esta?

Kwenye usanisi wa molekuli zenye pete kubwa, hatua ya kufunga pete ndiyo inayovunja mioyo. Mnyororo umeshajengwa kwa miezi, kila kaboni imethibitishwa kwa NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomu zimepangwaje), halafu ncha mbili zinakataa kukutana. Zinashikana na ncha za molekuli jirani, na asubuhi unakuta chupa ina utelezi wa minyororo mirefu isiyo na faida kwa mtu. Mwanafunzi wa uzamili anapofika hapo ndipo huanza kuuliza ni njia gani ya kufunga pete iliyo bora. Swali hilo linakuwa limechelewa. Njia ya kufunga pete inachaguliwa kwenye karatasi, kabla chupa ya kwanza haijaoshwa, kwa sababu ndiyo inayoamua ncha zako zitakuwa nini.

Hapa nalinganisha njia tatu zinazotumika sana kwa pete za atomu 12 na kuendelea. Ya kwanza ni metathesisi ya alkaini: kila ncha ya mnyororo ina bondi tatu (yaani kaboni mbili zilizoshikana mara tatu), kichocheo cha molibdeni au tangsteni kinazikata bondi hizo katikati na kuunganisha nusu zake, pete inabaki na bondi tatu moja, na kipande kidogo cha alkaini kinatoka. Ya pili ni metathesisi ya alkeni: mchezo ni uleule, ila kwa bondi mbili (kaboni mbili zilizoshikana mara mbili), mara nyingi kwa kichocheo cha rutheni, na kinachotoka ni gesi ya etheni. Ya tatu ni kufunga kwa esta: ncha moja ni asidi, nyingine ni alkoholi, asidi inaamshwa kwa kitendanishi na pete inafungwa bila metali yoyote. Nitaziita njia ya alkaini, njia ya alkeni na njia ya esta.

Vigezo vya kupimia

Ninavyoona mimi, mambo yanayostahili kuamua ni haya: ukubwa wa pete unayoitaka, umbo la bondi mbili iliyomo ndani ya pete, kama ipo, makundi tendaji mengine yaliyomo kwenye molekuli na kama yatavumilia, vifaa vya maabara yako, na jumla ya hatua, yaani zile za kutayarisha ncha pamoja na zile za kurekebisha pete baada ya kufungwa. Mavuno ya hatua ya kufunga peke yake sikuyaweka kuwa kigezo. Namba hiyo hupamba makala, lakini haikuambii umetumia hatua ngapi kufika pale wala umebakiwa na kazi gani.

Ukubwa wa pete

Hapa jibu ni fupi. Bondi tatu hutaka kaboni nne zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Pete ikiwa ndogo, mstari huo unalazimishwa kupinda, na molekuli haikubali kirahisi. Kwa hiyo njia ya alkaini inafanya vizuri kuanzia atomu 12 hivi kwenda juu. Chini ya hapo inawezekana kwa baadhi ya molekuli, lakini unapambana na mkazo, na pete za atomu 5, 6 au 7 usiziwaze kabisa.

Njia ya alkeni ndiyo yenye upana mkubwa kuliko zote. Pete za atomu 5 hadi 7 huzifunga kwa urahisi, na kubwa pia. Zinazosumbua ni zile za katikati, za atomu 8 hadi 11, ambazo husumbua karibu kila njia. Njia ya esta nayo hupata shida kwenye ukubwa huohuo wa kati, na ina sharti lake la asili: lazima pete yenyewe iwe na esta. Kama hakuna esta ndani ya pete, hiyo umeshaifuta.

Umbo la bondi mbili ndani ya pete

Hapa ndipo njia hizi zinapotengana kweli, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Molekuli nyingi za asili zenye pete kubwa zina bondi mbili ndani yake, na bondi hiyo ina umbo maalumu: Z, ambapo mnyororo unaendelea upande mmoja, au E, ambapo unaendelea pande tofauti. Ukikosea umbo umepata molekuli nyingine kabisa, hata kama fomula ni ileile. Njia ya alkeni kwa vichocheo vya kawaida vya rutheni hutoa kile ambacho pete yenyewe inakipendelea, na kwenye pete kubwa mara nyingi huo ni mchanganyiko wa Z na E.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni epothiloni. Kundi hili la molekuli liligunduliwa na Gerhard Höfle na Hans Reichenbach kule Braunschweig, Ujerumani, kutoka kwa bakteria wa udongo aitwaye Sorangium cellulosum, na udongo wenyewe ulitoka kingo za mto Zambezi. Epothiloni huzuia seli kugawanyika kwa namna inayofanana na dawa ya paklitakseli, na ndugu yake aliyerekebishwa maabara, iksabepiloni, aliidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa saratani ya matiti. Pete yake ina atomu 16, ina esta, na katika epothiloni C ina bondi mbili ya umbo la Z. Ndiyo maana naipenda kwa ulinganisho: pete hii moja imeshafungwa kwa njia zote tatu.

Mwaka 1996 na 1997 makundi ya wakemia Nicolaou, Danishefsky na Schinzer yaliifunga kwa njia ya alkeni. Pete ilifungika, lakini Z na E zilitoka pamoja, na uwiano wake uliyumba kulingana na makundi ya kinga (vifuniko vya muda vinavyozuia sehemu ya molekuli isimenyuke) yaliyokaa mbali kabisa na mahali pa kufungia. Hilo ndilo linalouma: unabadilisha kinga ya alkoholi upande wa pili wa molekuli, na umbo la bondi linabadilika. Kundi la Nicolaou liliifunga pia kwa njia ya esta. Huko bondi ya Z ilitengenezwa mapema kwa mmenyuko wa Wittig, wakati mnyororo ungali wazi, kisha asidi na alkoholi zikaunganishwa mwishoni bila bondi hiyo kuguswa. Halafu mwaka 2001 kundi la Alois Fürstner, Taasisi ya Max Planck ya utafiti wa makaa ya mawe iliyoko Mülheim an der Ruhr, likafunga pete hiyohiyo kwa njia ya alkaini: kichocheo cha molibdeni, tolueni, nyuzi 80 za Selsiasi. Bondi tatu haina Z wala E, kwa hiyo hapakuwa na mchanganyiko wa kutenganisha. Baada ya hapo walitumia kichocheo cha Lindlar, ambacho ni paladi juu ya kabonati ya kalisi iliyotiwa risasi ili kupunguzwa ukali, na hidrojeni ikaingia kwenye bondi tatu kutoka upande mmoja tu. Ikatoka Z.

Haki itendeke lakini. Tangu wakati huo njia ya alkeni haikulala. Mwaka 2011 makundi ya Richard Schrock na Amir Hoveyda yalionyesha vichocheo vya molibdeni na tangsteni vinavyofunga pete ya epothiloni C kwa kupendelea Z kwa kiasi kikubwa mno, na kundi la Grubbs nalo likatengeneza vichocheo vya rutheni vya kazi hiyohiyo. Anayekuambia leo kwamba alkeni lazima ilete mchanganyiko anasoma vitabu vya zamani. Ila vichocheo hivyo ni vya kuchaguliwa kwa uangalifu, na wakati mwingine unaishia kuvijaribu kimoja baada ya kingine kwenye molekuli ambayo umebakiwa nayo miligramu chache.

Kwa Z, mfano mwingine uko karibu na pua zetu. Harufu ya zabadi, inayotoka kwa fungo na inayojulikana na watengeneza manukato wa pwani yetu tangu zamani, inatokana na sivetoni: pete ya kaboni 17 yenye ketoni moja na bondi mbili moja ya Z. Leopold Ružička ndiye aliyeonyesha mwaka 1926 kwamba pete ni kubwa kiasi hicho, wakati ambapo wakemia wengi waliamini pete kubwa hazikai. Pete hiyo haina esta, kwa hiyo njia ya tatu haipo. Kundi la Fürstner liliitengeneza kwa alkaini na kisha Lindlar, bila E kuchanganyika.

Na ukitaka E je? Kwa muda mrefu huu ulikuwa udhaifu wa njia ya alkaini, kwa sababu mbinu za zamani za kupata E kutoka bondi tatu, kama sodiamu ndani ya amonia, ni kali mno kwa molekuli iliyojaa makundi tendaji. Sasa kuna mbinu laini za rutheni: unaongeza kwanza silikoni na hidrojeni pande tofauti za bondi, kisha unaiondoa silikoni. Na tangu 2013 kuna njia ya kuingiza hidrojeni moja kwa moja pande tofauti. Tulearini C, laktoni (pete yenye esta) ya atomu 18 kutoka ukoo wa molekuli zilizopatikana kwa sifongo wa bahari ya kusini-magharibi mwa Madagaska, ilikamilishwa na kundi hilohilo la Mülheim mwaka 2011 kwa kufunga alkaini kisha kuigeuza kuwa E kwa mbinu ya silikoni. Hata hivyo, kama pete yako inapenda E yenyewe, rutheni ya kawaida kwa njia ya alkeni inaweza kukupa E hiyo kwa hatua moja tu, na hapo alkaini itakuwa imekuzungusha bure.

Njia ya esta haiumbi bondi mbili. Inahifadhi uliyoileta, na hiyo ni nguvu yake. Tahadhari moja: kwenye mbinu ya Yamaguchi ya 1979, yenye kloridi ya trikloro-benzoili ya kuamsha asidi na besi iitwayo DMAP, bondi ya Z iliyopakana na asidi inaweza kugeuka kuwa E, na kaboni iliyo jirani na asidi inaweza kupoteza umbo lake. Mbinu ya Shiina, nayo ya kufunga esta, ni laini zaidi na hupunguza balaa hilo.

Makundi tendaji yaliyomo ndani

Sifa ya njia ya alkaini ninayoiona haisemwi vya kutosha ni kwamba kichocheo chake hakizigusi bondi mbili. Kama molekuli yako ina bondi mbili kadhaa, tuseme tatu au nne, zilizokwisha kupangwa, zitabaki zilivyo. Kichocheo cha alkeni hakina adabu hiyo: kinaweza kukata bondi mbili ya ndani na kukufungia pete fupi kuliko uliyoikusudia. Latrunkulini A, kutoka kwa sifongo wa Bahari ya Shamu, ina jozi ya bondi mbili zilizopakana ndani ya pete yake ya atomu 16. Usanisi wake kwa njia ya alkaini uliziacha salama.

Upande wa pili, vichocheo vya alkaini ni vyepesi kudhurika. Vile vya tangsteni vya Schrock vya miaka ya 1980 hushindwa mbele ya amini huru na salfa. Vya molibdeni vyenye ligandi (makundi yanayoishika metali) za silanoli vinavumilia esta, ketoni, epoksidi na hata pete za nitrojeni kama thayazoli, lakini alkoholi huru na maji bado ni maadui wa wengi wao. Matoleo mapya, ambamo ligandi tatu zimefungwa pamoja kufunika metali, yamelegeza masharti hayo. Jambo jingine ni kwamba alkaini ya mwisho kabisa wa mnyororo, yenye hidrojeni, huelekea kugeuka polima na kukiua kichocheo. Ndiyo maana ncha hufungwa kwa methili.

Rutheni huvumilia sana: alkoholi huru, asidi, maji kidogo. Amini zenye nguvu huisumbua. Kichocheo kikizeeka ndani ya chupa huweza kuhamisha bondi mbili hatua moja pembeni, na matokeo yake ni pete iliyopungua kaboni moja, ambayo ni taabu kuitenganisha. Benzokwinoni kidogo husaidia kuzuia.

Kwa esta, alkoholi nyingine zote zinazoweza kushindana lazima zikingwe, na namna unavyozikinga huamua kama mnyororo utapinda kuelekea kufunga. Usanisi wa erithromisini wa kundi la Woodward, uliochapishwa 1981, ndio somo kubwa hapa: mnyororo uleule ulifungika au ukagoma kulingana na makundi ya kinga yaliyouvaa.

Vifaa na kazi ya mikono

Katika njia ya alkaini unahitaji agoni, tolueni kavu kwelikweli, na mkono uliozoea mfumo wa Schlenk, yaani vyombo vya kufanyia kazi bila hewa. Zamani ilikuwa lazima uwe na sanduku la glavu, lile lililofungwa lisiingize hewa. Mwaka 2010 kundi la Fürstner lilitoa kichocheo cha molibdeni kilichofungwa na fenanthrolini, ambacho unaweza kukipima hewani kwenye mizani ya kawaida. Unakipasha moto ndani ya tolueni pamoja na kloridi ya manganizi, manganizi inainyang'anya molibdeni fenanthrolini yake, kichocheo kinaamka, ndipo unaongeza molekuli yako. Usisahau zeolaiti yenye matundu ya 5 Å iliyokaushwa. Hiyo hunyonya 2-byutaini inayotoka, na bila kuiondoa mmenyuko husimama katikati, kwa sababu mambo yote haya yanaweza kurudi nyuma. 2-byutaini huchemka kwa nyuzi 27, kwa hiyo nusu ya siri ya njia hii ni kuiondoa tu.

Rutheni ndiyo rafiki wa maabara isiyo na anasa. Unapima hewani, unaondoa oksijeni kwenye kiyeyushi, unaacha etheni itoke. Kasoro yake ni bei ya metali, na rangi nyeusi ya rutheni ambayo hung'ang'ania bidhaa hata baada ya kromatografia. Kwa esta unahitaji pampu ya sindano, kiyeyushi kingi na subira: mnyororo unadondoshwa polepole kwa saa nyingi ili ukolezi ubaki milimolari chache. Vitendanishi vyake ni rahisi kuagiza na havidai hifadhi ya ajabu.

Kuzimua kunazihusu zote tatu, lakini si kwa kiwango kimoja. Metathesisi inaweza kurudi nyuma na kujisahihisha, minyororo iliyoshikana kimakosa ikafunguka tena na kuwa pete. Esta iliyoshikana na jirani haifunguki.

Kipimo kikubwa

Hapa alkeni ina rekodi ambayo wengine hawana. Kampuni ya Boehringer Ingelheim ilipotengeneza BILN 2061, dawa ya majaribio ya homa ya ini C yenye pete ya atomu 15, ilifunga pete hiyo kwa rutheni hadi mamia ya kilo. Kwa kubadilisha kinga kwenye amidi moja, wakemia wake waliongeza ukolezi zaidi ya mara kumi na kuokoa kiyeyushi kingi. Dawa yenyewe ilisitishwa kwa sababu ya madhara kwenye moyo wa wanyama wa majaribio, lakini simeprevir, iliyoidhinishwa 2013, ilifungwa kwa njia hiyohiyo. Esta nayo imezoeleka viwandani. Alkaini imebaki zaidi kwenye maabara za utafiti, kwa kiwango cha miligramu na gramu.

Hesabu ya hatua

Chora njia yako yote. Ncha za alkeni, yaani alili na vinili, zinapatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Ncha za alkaini yenye methili wakati mwingine zinanunuliwa zikiwa tayari, kwa mfano 3-pentaini-1-oli. Wakati mwingine inakubidi uanze na alkaini ya kawaida, uiondolee hidrojeni kwa besi kali na kuipa methili. Mwisho wa njia ongeza hatua ya kupunguza bondi tatu, moja kwa Z, mara nyingi mbili kwa E. Upande wa esta, hesabu hatua za kujenga bondi mbili mapema, na za kuvua kinga kwenye asidi na kwenye alkoholi bila kuharibu kitu.

Lakini bondi tatu si mzigo siku zote. Inaweza kuwa ndiyo unayoitaka. Kwa kichocheo cha dhahabu, alkoholi iliyo ng'ambo ya pete inaweza kuishambulia na kujenga pete nyingine ndani ya pete. Kama unatafuta ndugu wengi wa molekuli moja kwa ajili ya vipimo vya kibiolojia, pete moja yenye alkaini itakuzalia Z, E, na nyingine ambazo usingezipata kirahisi kutoka alkeni.

Kwa hali yako

Kama pete yako ina bondi mbili ya Z, ina bondi mbili nyingine ambazo hutaki ziguswe, na unaweza kukausha kiyeyushi ipasavyo, ningeanza na alkaini bila kusita. Hata kwa mwanafunzi wa kwanza wa maabara, kichocheo chenye fenanthrolini kimeondoa hofu kubwa.

Kama pete ni ya atomu 5 hadi 7, au bondi mbili itajazwa hidrojeni baadaye na umbo lake halina maana, nenda na alkeni. Vivyo hivyo kama molekuli ina alkoholi huru nyingi, au kazi yako itahamia kwenye kilo.

Kama bondi mbili zote zimeshajengwa kwa umbo sahihi, esta iko ndani ya pete, na metali kwenye bidhaa ya mwisho ni tatizo, kwa mfano kwa sababu inakwenda moja kwa moja kwenye vipimo vya seli, basi esta. Ikikataa, badilisha makundi ya kinga kabla ya kubadilisha kitendanishi. Na ukiwa na asidi yenye Z jirani, anza na Shiina.

Kama unajenga pete ngumu za benzini zilizounganishwa kwa bondi tatu, zile zinazotafutwa kwa ajili ya vifaa vipya na si dawa, hali inageuka kabisa: kurudi nyuma kwa metathesisi ya alkaini ndiyo faida yenyewe, kwa kuwa molekuli hujipanga upya mpaka zifikie pete iliyo tulivu zaidi. Jeffrey Moore na Wei Zhang walionyesha mwaka 2004 kwamba ukitumia ncha ambazo mabaki yake hayayeyuki, yakatuama chini, pete zinapatikana kwa gramu.

Na kama hujui uko hali gani, tengeneza molekuli ya mfano yenye pete ya ukubwa uleule na makundi mawili matatu tu unayoyaogopa, uijaribu kwa njia mbili katika wiki za mwanzo za mradi, wakati nyenzo bado ni nyingi na ncha za mnyororo bado zinaweza kubadilishwa.